Mashine ya kung'arisha mawe imeungua: vifaa nipate wapi kwa bei ya mwalimu?

MwlMawe_Dom

Habari za humu ndani wakuu.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, sekondari moja hapa Dodoma. Nina ugonjwa wa kuokota mawe tangu utotoni. Mama alikuwa hafui sare yangu kabla hajakung'uta mifuko. Sasa nina ndoo 2 za lita 20 nyuma ya mlango wa jiko: kwatzi nyeupe na ile ya rangi ya moshi, akiki kidogo, krisoprasi ya Haneti, jiwe la kijani, kiganja kimoja (nilinunua kwa dalali mwenye leseni, risiti ninayo), na jiwe moja la Longido, lile la kijani lenye madoa mekundu ya rubi.

Mwaka jana mdogo wangu aliyeko Marekani akaniletea mashine ndogo ya kuzungusha mawe. Kwa asiyeijua: ni kipipa cha mpira kinacholala juu ya vyuma 2 vinavyozunguka. Unatia mawe, maji na unga wa kusagia, unafunga, kinazunguka usiku na mchana wiki nzima. Unafungua, unaosha, unatia unga mwembamba zaidi, wiki nyingine. Hivyo hivyo mpaka wiki ya 4 au ya 5, mawe yanatoka yanang'aa kama yamelowa na kumbe ni makavu. Kazi ya mto, ila huna haja ya kusubiri wajukuu wa wajukuu.

Nikaichomeka. Plagi yake ni ya miguu bapa, nikanunua adapta ya 3,000 nikaunga. Ikanguruma kwa nguvu kuliko nilivyotarajia, nikafurahi. Dakika 2 hivi, harufu. Kisha moshi. Kisha umeme wa nyumba nzima ukakata. Kuja kuigeuza, chini kumeandikwa kwa herufi za sisimizi: volti 110, hezi 60. Adapta ile inabadilisha miguu ya plagi tu, umeme inauacha vilevile. Na mimi ndiye niliyewafundisha kidato cha pili kuhusu umeme wa Mtera!

Sasa nina 150,000, na hiyo ni mpaka mwisho wa muhula. Naomba msaada:

Mashine nyingine naipata wapi, au hii inatengenezeka? Kuna muuzaji mmoja wa mtandaoni nimemuuliza, bei ya kusafirisha ilizidi bei ya mashine yenyewe.

Unga wa kusagia je? Nilipewa pakiti ndogo moja moja ya kila namba (namba ikipanda, unga unakuwa mwembamba). Ya kwanza iko ndani ya kipipa na mawe, imeshakuwa tope. Hapa mjini nikiuliza unga wa msasa naletewa msasa wa karatasi, na duka moja wakaniletea unga wa jasi.

Na la mwisho, umeme wa LUKU. Utanifilisi?

Nawasilisha.

---

Kijana_Mbezi

Mwalimu si uyatupe mtoni uyafuate mwaka 3024 😂

Utani tu, pole. Nafuatilia, sikujua kama hii kitu ipo.

---

Babu_Mkonge (Tanga)

Marahaba mwalimu. Najua ulikuwa unataka kuniamkia.

Nilikuwa fundi mitambo shamba la mkonge miaka 31. Sasa nimestaafu, kazi yangu ni kahawa, bao na mawe. Mashine za namna hiyo nimeunda 3. Ya kwanza ilikuwa upuuzi, ya pili ilinigombanisha na mke wangu, ya tatu inazunguka hivi ninavyoandika, naisikia huko bandani.

La kwanza, usitupe hiyo mashine. Kilichoungua ni mota, na mota ndiyo kitu rahisi kuliko vyote humo. Mali ni kipipa. Kipipa cha mpira mnene chenye kifuniko kisichovuja mimi nimekihangaikia miaka 2. Nilianza na bomba la plastiki la maji machafu la inchi 4, nikaliziba kofia pande zote. Kelele yake ni kama mtu anamimina kokoto juu ya bati la jirani. Nikabandika ndani tyubu ya lori kwa solusheni ya wapiga pancha. Ikashika wiki 3, halafu ikabanduka ikajiviringisha kama chapati, mawe yakajificha ndani yake, wiki nzima nazungusha mpira mtupu. Wewe kipipa unacho. Kifute, kiweke kivulini, kishukuru.

Wala usinunue transfoma ya kushusha umeme ili utie mota nyingine ya namna ileile. Mota ya hezi 60 kwenye umeme wetu wa hezi 50 inazunguka pungufu kwa moja ya sita, na inapata joto zaidi. Utaunguza ya pili.

Nenda kwa wauza spea za mtumba uulize mota ya waipa ya gari dogo. Ni ya volti 12, ina gia zake tumboni, mwendo wa polepole ni kama mizunguko 45 kwa dakika. Mwambie muuzaji aiunganishe kwenye betri mbele yako, uikamate mkononi. Ikinguruma sawasawa, lipa. Ikitafuna kama ina mchanga mdomoni, mrudishie na usikubali maneno ya "itazoea tu". Umeme wake tumia pawa saplai ya kompyuta kubwa iliyokufa. Waya wa njano na mweusi ndizo volti 12. Haitawaka mpaka uunge waya wa kijani na mweusi wowote. Boksi lenyewe usilifungue hata kama umechomoa, ndani kuna umeme unaobaki.

Sasa sikiliza kosa langu. Mashine yangu ya kwanza niliunga mota ya waipa moja kwa moja kwenye chuma kinachobeba kipipa. Chuma unene sentimita 2, kipipa upana sentimita 11. Piga hesabu: kipipa ni kikubwa mara 5 na nusu, kwa hiyo mota ikizunguka 45, kipipa kinazunguka 8. Mizunguko 8! Mawe yalikuwa yanalala humo kama watalii. Nikatia gurudumu la sentimita 15 kwenye mota na dogo la sentimita 3 kwenye chuma, nikaunga mkanda. 45 mara 5 ni 225, gawa kwa 5 na nusu, unapata 41. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kipipa cha ukubwa huo kinataka kati ya 40 na 60. Piga alama ya chaki ubavuni, shika saa, hesabu. Kikienda kasi sana mawe yanang'ang'ania ukutani hayaanguki. Kikienda taratibu yanateleza tu. Sauti nzuri ni kama mvua ya masika juu ya makuti. Ukisikia kama mtu anatikisa sarafu, mawe ni machache au maji yamezidi.

Unga. Hapa ndipo pesa inapoliwa, siyo kwenye mashine. Jina lake ni silikoni kabaidi, mweusi, unameta ukiuelekeza juani. NAKUSIHI dukani usiseme "kabaidi" tupu. Watakupa kabaidi ya kuchomelea gesi, ile wanayovundikia ndizi. Ile ikikutana na maji inatoa gesi inayowaka. Uifungie na maji ndani ya kipipa, utakuwa umetengeneza bomu na kuliweka jikoni kwako. Kijana mmoja hapa Tanga nilimkuta amekwisha kuinunua, kopo lipo mkononi, anaelekea nyumbani.

Nilijaribu vya bei rahisi vyote. Mchanga wa mto Sigi: wiki 6, pembe za mawe zikapungua kidogo tu, maana mchanga ule ni kwatzi na mawe ni kwatzi, ni kama kukata kisu kwa kisu. Dawa ya mafundi wa injini ya kusagia valvu, ile ya kopo la pande mbili: unga wenyewe ni mzuri lakini umekandwa na grisi. Mawe yaliogelea kwenye uji mweusi, hakuna kilichosagika, na nikamaliza lita 2 za mafuta ya taa kuosha. Usirudie.

Nilipopata ni kwa wanaosugua sakafu za terazo na wanaochonga mawe ya makaburi. Wao wananunua kwa mfuko, mimi nikamwomba mmoja anipimie. Mwaka jana nilimpa 18,000 kwa kilo, namba 80. Usiogope bei hiyo. Kipipa chako kinabeba mawe kilo 1 na robo hivi, kinataka vijiko vya mezani 4 kila mara, ambavyo ni kama gramu 90. Kilo moja unaitumia mara 11.

Namba ni hivi: 80 mpaka pembe zote ziishe na mashimo yafutike, hata kama ni wiki 3, ukibadilisha unga kila wiki. Kisha 220, kisha 500, kisha polishi. Usikimbilie kutoka 80. Kila alama utakayoiacha hapo utaikuta kwenye polishi, safari hii inang'aa.

Kila ukibadilisha, osha mawe, kipipa, kifuniko, mikono na kucha. Mimi natumia mswaki. Punje moja ya namba 80 ikijificha kwenye ufa wa jiwe ikaingia wiki ya polishi, umekwisha. Tope lake usimwage kwenye sinki, linaganda ndani ya bomba kama zege. Chimba shimo nyuma ya nyumba. Na unga wowote wa mawe usiache ukauke ukaupumua, fanya kazi ukiwa umelowa.

Kuhusu mashine ya pili na mke wangu: mawe mengine yakisagwa yanatoa gesi. Nilikuwa nimechanganya mawe yenye chokaa, sikufungua siku 4. Saa 8 usiku kifuniko kikaruka. Tope lilifika kwenye picha ya harusi. Tangu siku hiyo mashine iko bandani na kipipa nakifungua kila asubuhi, nasikia "pss", nakifunga tena.

LUKU: yangu inakula karibu uniti 1 kwa siku, nilipima siku ambayo friji ilikuwa kwa fundi. Ila kama uko kwenye ile bei nafuu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, jihadhari, uniti 30 za mawe zinaweza kukuondoa huko.

---

Otis_Umoja (Nairobi)

Mzee wa Tanga amemaliza yote, heshima kwako Mzee. Mimi naongeza mawili.

Ambaye hana kipipa kama cha mwalimu: mimi natumia tairi la wilbaro. Halina haja ya kubandikwa mpira ndani maana lenyewe ni mpira. Nilikata plaiwudi mbili za mviringo nikaziba pande zote, boliti moja ndefu katikati na wasa pana, silikoni ya madirisha kwenye ukingo. Vyuma vya chini nilichomelewa na fundi wa jua kali pale Kamukunji. Halipigi kelele hata kidogo, mtoto wangu analala chumba cha pili. Shida ni kwamba linataka mawe mengi, kilo 5 kwenda juu. Ukitia machache yanabamizana.

La pili ni aibu yangu. Kuna lile jiwe jeusi kama kioo cha chupa, obsidiani, liko kwa wingi upande wa Naivasha na Gilgil. Msiliokote kwenye mbuga wala kwenye maeneo ya makumbusho, mimi nilipewa na jamaa wa machimbo ya mawe ya ujenzi. Nikalitia pamoja na kwatzi. Kwenye kipimo cha ugumu cha 1 hadi 10, obsidiani ni 5 na kitu, kwatzi ni 7. Wiki ya kwanza kutoa, kwatzi imelika kidogo, obsidiani zimekuwa ndogo kama njugu na kila ukingo una alama nyeupe za vipigo. Sasa nazisaga peke yake, na natia chembe za plastiki katikati zisigongane. Chembe hizo ni zile wanazoyeyusha kutengenezea mabeseni, niliomba mfuko kwa wanaorejeleza plastiki.

Kwa hiyo mwalimu, kabla hujatia chochote, kwaruza kila jiwe kwenye kioo cha chupa. Linalokwaruza kioo vizuri, kundi moja. Lisilokwaruza, kundi lingine. Na wale wenye jiwe la sabuni la Kisii msijaribu kabisa, litakuwa uji.

---

MkataVito_AR

Mimi ni mkataji wa vito hapa Arusha, mawe ya kuzungusha nafanya jioni tu kwa kujifurahisha.

Dada mwalimu, lile jiwe lako la Longido usilitie. Najua unalipenda. Ile kijani ni zoisaiti, ugumu wake ni 6 na nusu hivi, ile nyekundu ni rubi, 9. Unga unakula kijani, rubi haiguswi. Baada ya wiki 3 utapata jiwe lenye chunusi. Nimeliona mara nyingi, mtu analeta anauliza kama lina ugonjwa. Lipeleke kwa mkataji mwenye diski ya almasi alisugue bapa upande mmoja, uliweke mezani. Litakuwa zuri hivyo kuliko likiwa duara.

Kuhusu polishi: usihangaike na dawa ya meno kama wanavyoshauriana watu. Kinachong'arisha kwatzi na akiki ni oksidi ya alumini nyeupe, laini kama unga wa ngano wa daraja la kwanza, au oksidi ya siriamu. Wakataji wote tunayo. Tunanunua kwa kilo, wewe unahitaji nusu kikombe. Tafuta mkataji Dodoma hapo, mwambie ukweli kwamba unataka vijiko 8, atakucheka halafu atakupa. Usafi ule aliosema Babu hapa unazidishwa mara mbili. Mimi kipipa cha polishi ni chake peke yake, hakijawahi kuona namba 80, kimeandikwa ubavuni "POLISHI, USIGUSE". Kama una kimoja tu, zungusha siku nzima na maji na sabuni kwanza, mwaga, ndipo utie polishi. Baada ya polishi, siku 1 nyingine na sabuni ya mche iliyokwanguliwa, kijiko kimoja. Inaondoa ukungu unaobaki.

Mawe ya bei nafuu: uliza masalia. Kila mkataji ana ndoo ya vipande vilivyopasuka au vyenye ufa visivyofaa kukatwa. Vinauzwa kwa kilo. Vimeshapunguzwa ukubwa, kwa hiyo vinakupunguzia hata wiki ya kwanza. Lakini risiti. Sheria ya Madini ya 2010 inataka anayeuza awe na leseni, na tangu 2019 kuna masoko ya madini mikoani, kwa hiyo hakuna sababu ya kununua kwenye mfuko wa koti la mtu stendi. Ulivyofanya kwa krisoprasi ni sawa kabisa.

Na usijaze mawe ya ukubwa mmoja. Makubwa 4 au 5, ya kati, na madogo mengi ya kuziba nafasi. Kipipa kijae theluthi 2 hadi robo 3. Maji yafike chini kidogo ya mawe ya juu, yasiyafunike.

---

Binti_Pwani_MN

Nawasalimu kutoka Minnesota, baridi inatuua huku. Hii ndiyo burudani ya watu wengi huku wakati wa theluji: kiangazi wanaokota akiki nyekundu za Ziwa Superior, majira ya baridi mashine zinaguruma chini ya nyumba. Ile akiki ndiyo jiwe rasmi la jimbo tangu 1969, watoto wa shule wanaijua kama sisi tunavyojua tanzanaiti.

Mwalimu, mwambie mdogo wako asitume mashine tena, atume unga. Mashine ni uzito bure na ya umeme wa huku. Unga anaweza kumpa mtu anayekuja likizo. Mimi nilibeba kilo 2 mwezi wa saba. Ushauri mmoja tu: uwe kwenye kopo lake la dukani lenye maandishi, na kwenye begi linaloingia chini. Mimi niliufunga kwenye mfuko wa nailoni nikautia begi la mkononi. Unga mweusi usio na jina, mwanamke peke yake, ndege ya kwenda Afrika. Nilieleza "mawe" kwa watu 4, mmoja baada ya mwingine, wa mwisho akaniuliza kwa nini nataka mawe yang'ae. Sikuwa na jibu zuri.

Kama mko wengi, agizeni China kwa pamoja. Mawakala wa mizigo wanapakia kwa meli kwa ukubwa wa mzigo, siyo kwa kilo kama ndege, na unga ni mzito lakini hauchukui nafasi.

---

MwlMawe_Dom

Wakuu narudi baada ya wiki 7, samahani kwa ukimya, mitihani.

Mota ya waipa nilipata Majengo, 25,000. Niliishika mkononi kama Babu alivyosema. Ya kwanza ilitafuna mchanga, ya pili ilinguruma. Muuzaji aliniuliza nina gari gani. Pawa saplai imetoka kwenye kompyuta ya shule iliyokufa tangu kabla sijaajiriwa, nimepewa kwa barua yenye muhuri. Gurudumu la mota nilichongewa na seremala, mbao ya mninga, sentimita 16, pamoja na dogo la sentimita 3, vyote 8,000. Mkanda ni wa cherehani, 3,000. Vyuma vyangu vina unene wa sentimita 2 kama vya Babu. Nimehesabu kwa chaki: 44 kwa dakika.

Unga kilo 2, moja namba 80 na nyingine nusu kwa nusu 220 na 500, Babu alininunulia kulekule Tanga, 36,000, basi likaleta kwa 5,000. Polishi nimepata kwa mkataji hapa. Nilimwambia ukweli. Alicheka, halafu akataka 15,000. Jumla 92,000, nimebakiwa na 58,000, na uniti za LUKU ni kweli karibu 1 kwa siku.

Nilianza na mawe 31, kwatzi na akiki. Namba 80 niliiacha wiki 2 ingawa nilijua ingetakiwa 3. Nilikuwa na hamu. Matokeo: 19 yanang'aa, 12 yana vishimo, na Babu ulivyosema, vishimo vyenyewe vinang'aa.

Lakini kuna akiki moja, ukubwa wa kokwa la embe dodo. Nilipoitoa kwenye tope la sabuni nikaifuta kwa ncha ya khanga, nikaielekeza dirishani. Nondo za dirisha nilizihesabu humo ndani ya jiwe, 5, na ya mwisho imepinda pale mwizi alipojaribu mwaka juzi. Nilikaa jikoni sijui muda gani. Chai ikapoa.

Nimeipeleka darasani. Kidato cha pili waliipitisha mkono kwa mkono, mmoja akailamba. Nilipowaambia ni jiwe kama lile la kwanza nililowaonyesha, hawakukubali. Wanasema nimenunua dukani. Kwa hiyo sasa wananiletea mawe yao wenyewe ili nithibitishe. Ndoo zimekuwa 4.

Swali moja la mwisho: krisoprasi ya Haneti niitie sasa? Ninazo 14 tu, naogopa.

---

Babu_Mkonge (Tanga)

Hongera mwanangu. Ile wiki moja uliyoiba kwenye namba 80, irudishe: yale 12 yenye vishimo yaanze upya, hayajapotea.

Krisoprasi tia 7, hizo nyingine 7 ziache ndoo. Zichanganye na akiki ndogo ndogo zijaze kipipa, ugumu wao ni sawasawa. Zikitoka usizipange dirishani hata kama zinapendeza, jua kali linaweza kufifisha ile kijani. Ziweke kwenye sahani ndani.

Na mota ile ya waipa haikuumbwa kuzunguka mwezi mzima. Kila wiki unapobadilisha unga, iguse. Ikiwa huwezi kuishika ukahesabu hadi 10, ipumzishe mpaka asubuhi. Mimi nimebadilisha kaboni zake mara 2.

Huyo aliyelamba, alisema ina ladha gani?

---

MwlMawe_Dom

Sabuni ya mche.